Old Kampala: kilima kilichoupa mji mkuu wa Uganda jina lake

Magharibi mwa kitovu cha jiji la Kampala, kando ya Barabara ya Namirembe, kipo kilima kifupi chenye kilele bapa. Mengo, Namirembe na Rubaga vinakitazama kwa karibu. Ndicho Old Kampala, na jina hilo la Kiingereza limekaa midomoni mwa watu kiasi kwamba hata anayezungumza Kiswahili au Kiganda halibadilishi.

Kabla ya kuwepo mji, hapa palikuwa malisho ya swala pala wa Kabaka wa Buganda. Waingereza walipakumbuka kwa wanyama hao, na Waganda wakapaita *Kasozi k'Empala*, yaani kilima cha swala pala. Anayetoka mahali hapo husema ametoka k'Empala. Tamko hilo ndilo lililoandikwa kwenye ramani.

Umbo la kilima halikutokea kwa bahati. Kama vilima vingi vya Buganda, kimevikwa tabaka la udongo mwekundu wenye chuma uliogandamana ukawa mgumu kama jiwe. Mvua hula miteremko, lakini kifuniko hicho cha juu husalia. Chini, maji yalijikusanya katika mabonde yaliyoota mafunjo, likiwemo la Nakivubo, ambalo leo ni mfereji wa saruji na masoko. Ndiyo maana watawala, wamisionari na wanajeshi wote waligombea vilele.

Kapteni Frederick Lugard, wakala wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alifika Desemba 1890 na kujenga ngome juu ya kilima hiki. Kabla mwezi haujaisha, Kabaka Mwanga alikuwa ametia saini mkataba naye. Vitabu vingi humtaja Lugard peke yake, lakini msafara wake ulibebwa na wapagazi wa pwani na kulindwa na askari wa Kisudani. Mwaka 1891 aliwaandikisha Wasudani wengine waliokuwa wameachwa karibu na Ziwa Albert baada ya kuondoka kwa Emin Pasha. Wazao wao ni Wanubi wa Uganda. Kwa hiyo Kiswahili kilisikika kwenye kilima hiki tangu siku za mahema, jambo ambalo wanaokiita lugha ngeni nchini humu hulisahau.

Tarehe 24 Januari 1892 vita vilizuka baina ya Waganda wa Kiprotestanti na wa Kikatoliki. Bunduki za Maxim za Lugard zilifyatuliwa kutoka ngomeni, kanisa la Rubaga likateketea, na Mwanga akakimbilia kisiwa cha Bulingugwe. Mizani ya utawala wa Buganda iliinama siku hiyo.

Baadaye serikali ya kikoloni ilihamia Nakasero. Mwaka 1908 ngome ikawa makao ya kwanza ya Makumbusho ya Uganda. Waganda waliiita *Enyumba ya Mayembe*, kwa sababu ya hirizi na vifaa vya ibada za jadi vilivyohifadhiwa humo. Makumbusho yalihamia Makerere, kisha Kitante mwaka 1954.

Kuzunguka kilima, wafanyabiashara wa Kihindi walijenga maduka yenye makazi juu yake, baraza mbele na mwaka wa ujenzi kuchorwa kwenye paji la nyumba. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, nyumba hizo zilibadilisha wenyewe kwa siku 90 tu. Baadhi zingali zimesimama, zikizidi kubanwa na maghorofa ya vioo.

Mwaka huohuo wa 1972 Amin aliwapa Waislamu ardhi kileleni. Ujenzi wa msikiti ulianza, ukakwama alipoanguka mwaka 1979, ukafufuliwa kwa fedha za Muammar Gaddafi na kufunguliwa rasmi mwaka 2008. Leo unaitwa Msikiti wa Taifa wa Uganda, na mgeni anayepanda ngazi za mnara wake huona vilima vyote vya jiji kwa mzunguko mmoja.

Gharama yake ilikuwa ngome. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jengo la asili lilibomolewa, na mfano wake ukajengwa karibu na hapo. Uganda ilikuwa na sheria ya kulinda kumbukumbu za kihistoria tangu mwaka 1967. Wapo wasioililia ngome iliyoelekeza mizinga kwenye ikulu ya Kabaka, na hoja yao ina uzito. Waislamu nao walisubiri msikiti wao kwa zaidi ya miaka 30. Hata hivyo, mfano hauwezi kuchunguzwa na mwanahistoria: kuta zake hazikuwepo mwaka 1892. Nyumba za baraza zilizobaki chini ya kilima bado zinaweza kuchunguzwa, na nyingi ni mali za watu binafsi wanaoweza kuziuza wakati wowote.