Nchi Jirani: Maji Yatokayo Baharini na Wajibu wa Mlinzi



Katika pwani ya kaskazini ya Kenya, karibu na mpaka wa Somalia, upo mji mdogo wa Kiunga. Wakazi wake wengi ni Wabajuni, watu wa bahari na nyavu. Tangu majeshi ya Kenya yalipovuka mpaka na kuingia Somalia mwezi Oktoba 2011, na hasa tangu operesheni ya Linda Boni ilipoanzishwa mwezi Septemba 2015, sehemu ile ya pwani imekuwa ikitajwa katika habari kwa sababu ya mashambulio, doria na mabomu ya kutegwa barabarani. Lakini mwaka 2018 Kiunga ilitajwa kwa jambo la namna nyingine. Mji ambao visima vyake vilikuwa na maji ya chumvi ulipata mtambo wa kuyageuza maji ya chumvi kuwa maji ya kunywa, na mtambo huo uliendeshwa kwa nguvu ya jua.

Historia ya mitambo ya namna hii inamhusu askari zaidi ya wengi wanavyodhani. Kwa hiyo inafaa tuitazame kwa utaratibu, kuanzia mbali, kisha turejee Kiunga.

Kila lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ipatayo gramu 35. Anayeyanywa hazimi kiu, bali huizidisha, kwa kuwa figo hulazimika kutumia maji mengi kuliko yale aliyokunywa ili kuitoa chumvi hiyo mwilini. Kuyatenganisha maji na chumvi hakuwezekani bila ya kutumia nguvu. Zamani nguvu hiyo ilikuwa moto. Maji yalichemshwa, mvuke ukakusanywa na kupozwa, na chumvi ikabaki chini ya chombo. Mabaharia waliijua njia hiyo kwa karne nyingi. Kilichowashinda ni kuni za kuchemshia.

Ulipofika wakati wa meli za moshi, makaa ya mawe yalikuwa mengi melini na bandarini, na ndipo jambo hilo lilipoanza kufanywa kwa kiasi kikubwa. Mfano mmoja ni Aden. Waingereza waliiteka bandari hiyo mwaka 1839 na kuifanya kituo cha makaa kwa meli ziendazo Bara Hindi. Ilikuwa ngome imara juu ya mawe makavu. Mabirika ya kale ya Tawila, yaliyochongwa kukusanya maji ya mvua, hayakutosha, na maji ya bara yalitoka katika nchi ya Sultani wa Lahej, kwa njia ambazo zingeweza kufungwa wakati wowote wa ugomvi. Basi katika nusu ya pili ya karne ya 19 walijenga mitambo ya kuchemsha maji ya bahari. Wakaondoka katika utegemezi mmoja na kuingia katika mwingine, maana sasa kila kikombe cha maji kilitegemea makaa yaliyosafirishwa kwa meli kutoka Uingereza.

Huko Suakin, katika pwani ya Sudan, jambo hilo lilionekana kwa uchungu zaidi. Mwaka 1885 Waingereza walishusha pale zaidi ya askari 10,000, chini ya Jenerali Graham, kupigana na wafuasi wa Mahdi walioongozwa na Osman Digna. Meli zilizotia nanga bandarini zilichemsha maji ya bahari usiku na mchana, na kwa hiyo maji pale bandarini yalikuwapo. Ugumu ulikuwa ni kuyafikisha kwa askari aliye mbele. Kila hatua ya kuingia bara ilidai ngamia wa kubeba maji, na ngamia hao walidai walinzi. Tarehe 22 Machi 1885, pale Tofrek, maili chache tu kutoka Suakin, wapiganaji wa Osman Digna waliwavamia Waingereza walipokuwa bado wanajenga zariba, yaani boma la miiba, ambalo lilikusudiwa kuwa kituo cha kuhifadhia maji na vyakula. Waingereza hawakushindwa siku ile, lakini walipoteza mamia ya ngamia. Mwezi Mei serikali yao iliamua kuliondoa jeshi, na reli waliyokuwa wameanza kuijenga kuelekea Berber ikaachwa njiani. Sababu za uamuzi ule zilikuwa nyingi. Hata hivyo, Tofrek ilionyesha kwamba jeshi lenye mtambo wa maji bandarini bado laweza kushikwa na kiu likiwa maili sita kutoka hapo.

Kutoka Bahari ya Shamu twende Kuwait, nchi ambayo wazee wa pwani yetu waliifahamu kwa majahazi yake. Majahazi hayo yalikuja kwa upepo wa kaskazi kuchukua boriti za mikoko huko Lamu na katika delta ya Rufiji. Huko kwao mabaharia wa Kuwait walikuwa na kazi nyingine. Waliyajaza majahazi maji baridi ya Shatt al-Arab, katika nchi ya Iraki, wakayapeleka mjini kwao kuuzwa, kwani visima vya Kuwait havikutosha. Mji mzima ulikunywa maji kwa hisani ya mto wa jirani. Fedha za mafuta zilipoanza kuingia, serikali yao ilijenga mtambo mkubwa uliofunguliwa mwaka 1953, wenye uwezo wa kutoa galoni milioni moja kwa siku. Tangu hapo nchi za Ghuba zimeendelea kujenga mitambo ya aina hiyo hadi miji yenye mamilioni ya watu imekuwa ikiishi kwa maji ya bahari.

Gharama ya maisha ya namna hiyo ilidhihirika mwaka 1991. Iraki ilikuwa imeivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990. Vita vya kuitoa vilipoanza mwezi Januari 1991, mamilioni ya mapipa ya mafuta yasiyosafishwa yalimwagwa baharini, na utando mweusi ukaelea kusini kuelekea pwani ya Saudi Arabia. Huko, pale Al-Jubail, ulikuwapo mtambo unaopeleka maji hadi mji mkuu wa Riyadh kwa bomba la zaidi ya kilomita 400. Mafuta yangeingia katika midomo ya kuvutia maji, mji mkuu ulio katikati ya jangwa ungeshikwa na kiu bila ya risasi moja kuufikia. Maboya ya kuzuia mafuta yalitandazwa baharini kwa haraka na mtambo ukaokoka. Kuwait yenyewe haikupata bahati hiyo. Ilipokombolewa mwishoni mwa Februari, mitambo yake ya umeme na maji ilikuwa imeharibiwa vibaya.

Yafaa kila askari akumbuke kwamba jambo hili lina sheria yake. Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva, iliyopitishwa tarehe 8 Juni 1977, inakataza katika kifungu cha 54 kushambulia au kuharibu vitu ambavyo raia hawawezi kuishi bila ya hivyo, kwa nia ya kuwanyima mahitaji yao. Mitambo ya maji ya kunywa imetajwa humo waziwazi. Anayekitia sumu kisima na anayeulipua mtambo wa maji ili raia wafe kiu wamevuka mpaka ule ule.

Wakati nchi za Ghuba zikiendelea kuchemsha bahari, njia nyingine ilipatikana huko Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Samuel Loeb na Srinivasa Sourirajan, wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, walitengeneza ngozi nyembamba inayopitisha maji na kuzuia chumvi. Mwaka 1965 mtambo wa namna hiyo ulianza kutumika katika mji wa Coalinga, kwa maji ya visima yenye chumvi. Kwa maji ya bahari, mashine huyasukuma maji kwenye ngozi hiyo kwa mgandamizo mkubwa, mara 25 au zaidi ya ule wa tairi la gari dogo. Hapana moto wala mvuke. Mtambo mkubwa wa siku hizi hutumia uniti 3 hadi 4 za umeme kwa kila lita 1,000. Tufanye hesabu ya kijeshi: kombania ya watu 120, kila mmoja akitengewa lita 10 za kunywa na kupikia, yahitaji lita 1,200 kwa siku, yaani mapipa sita ya kawaida. Umeme wake ni kama uniti 4 au 5, ingawa mitambo midogo hutumia zaidi ya hapo.

Ni upungufu huo wa matumizi uliofungua mlango kwa jua na upepo. Djibouti, nchi kavu yenye bandari kubwa na kambi za majeshi ya nchi kadhaa, ilianza mwaka 2017 kupokea maji kwa bomba kutoka Ethiopia. Mwaka 2021 ilifungua mtambo wake wa maji ya bahari huko Doraleh, kwa msaada wa Jumuiya ya Ulaya, wenye uwezo wa meta za ujazo 22,500 kwa siku. Mwaka 2023 yakazinduliwa mashamba ya upepo ya Ghoubet, ya megawati 60. Djibouti haikumkataa jirani yake, bali ilijiongezea kisima cha pili. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Na sasa turudi Kiunga. Mtambo uliojengwa pale na shirika la GivePower la Marekani unapata umeme wa kilowati 50 kutoka paneli za sola, na ulikusudiwa kutoa lita zipatazo 75,000 kwa siku. Ukilinganisha na Ghuba ni tone tu. Lakini katika mji wa mpakani, ambako lori la dizeli laweza kukanyaga bomu kabla halijafika, maji yasiyongojea dizeli ni jambo la usalama. Mama aliye na maji karibu halazimiki kuyafuata mbali katika njia zenye hatari. Kijana ambaye mji wake umekumbukwa si mwepesi wa kudanganywa na adui.

Hata hivyo tusidanganyane. Jua halipelekwi kwa lori, lakini ngozi za kuchujia huziba, pampu huchakaa, na vipuri hutoka mbali. Mtambo usio na fundi wa mji wenyewe utakufa hata kama jua linawaka. Kadhalika, zaidi ya nusu ya maji yanayovutwa hubaki na chumvi kali, na yakimwagwa ovyo huua majani ya bahari na matumbawe. Pwani ya Kiunga ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1979. Kumpa mvuvi maji na kumwondolea samaki hakutakuwa msaada. Tena majabia ya mvua, yaliyojengwa na wazee wa visiwa vya Lamu, yasiachwe yakabomoka kwa sababu mashine imekuja. Akiba haiozi.

Ndugu askari na polisi, sisi nasi tunao mwambao mrefu na visiwa vyenye visima vya chumvi, na mitambo ya namna hii haina budi kuongezeka katika pwani yetu. Siku utakapopangiwa lindo katika mmoja wa mitambo hiyo, huenda ukaiona kazi hiyo ni ndogo, kuzunguka paneli na matangi usiku kucha huku wenzako wakiwa katika doria. Kumbuka Tofrek na Al-Jubail. Fahamu midomo ya kuvutia maji iko wapi, mfahamu fundi kwa jina lake, na ukiona mafuta yanaelea au mtu asiyejulikana karibu na pampu, toa taarifa mara moja. Tahadhari kabla ya hatari. Nyuma ya lindo hilo wamelala watoto ambao asubuhi watakwenda na ndoo zao bombani, wakitumaini kuyakuta maji.