RNA ya Hamira na Mkalimani Wake

Hamira ambayo mwokaji huitia katika unga ni viumbe hai vidogo mno, na kila kimoja ni seli moja tu. Kwa udogo wake si rahisi kudhani kwamba yaweza kuwa kitabu cha kusomea. Walakini katika historia ya elimu ya viumbe, hamira ndiyo iliyotoa RNA ya kwanza kusomwa herufi zake zote. Na juu ya RNA hiyo likasimama swali lililowashughulisha wataalamu kwa miaka mingi: protini huitambuaje RNA iliyo yake, ikaiacha isiyo yake? Insha hii yaifuata historia ya swali hilo. Haja yake si kuwasifu washindi wa tuzo, bali kuonyesha jambo ambalo msomaji wa maandishi yoyote apaswa kulikumbuka: kuzijua herufi zote za andiko si sawa na kujua ni herufi ipi isomwayo.

Katika mwaka 1955 Francis Crick wa Cambridge aliwaandikia wenzake juu ya shida moja. Protini hujengwa kwa asidi amino za aina 20, zikiungwa moja baada ya nyingine kwa utaratibu ulioandikwa katika RNA. Lakini umbo la asidi amino halioani na herufi hizo hata kidogo. Crick alikisia kwamba lazima pawe na mpatanishi kati yao: molekuli ndogo ambayo kwa upande mmoja hubeba asidi amino, na kwa upande wa pili huzikabili herufi. Alikisia pia kwamba kila asidi amino ina kimeng'enya chake, yaani protini maalumu ya kuiunga na mpatanishi huyo. Mwaka 1958 Mahlon Hoagland na Paul Zamecnik, pamoja na wenzao huko Boston, walitangaza kwamba mpatanishi amepatikana. Ni RNA fupi, ambayo hapa nitaiita RNA ya uchukuzi.

Baada ya hapo ukadhihiri uzito wa kazi iliyo juu ya protini ile. Mwaka 1962 François Chapeville, Fritz Lipmann na wenzao waliichukua RNA ya uchukuzi iliyokwisha kupakiwa asidi amino iitwayo sisteini. Wakaiondolea sisteini hiyo salfa yake, ikageuka kuwa alanini ingali juu ya RNA ileile. Ribosomu, ambayo ni karakana ya kuundia protini, haikutambua kwamba mzigo umebadilishwa. Iliiweka alanini mahali pa sisteini. Maana yake ni kwamba ribosomu huisoma hati ya mchukuzi, wala haifungui mzigo. Basi mkalimani wa kweli si RNA wala si ribosomu, bali ni ile protini inayomkabidhi mchukuzi mzigo wake. Ikikosea hiyo, kosa laweza kupita hadi ndani ya protini mpya.

Wakati huo Robert Holley alikuwa Ithaca, katika jimbo la New York, akishughulika na hamira. Yeye na wenzake walianza na kilo 140 za hamira ya waokaji, na baada ya kutenga na kusafisha kwa muda mrefu walibaki na gramu 1 ya RNA safi ya uchukuzi wa alanini. Waliikata kwa vimeng'enya viwili, kila kimoja kikikata penye herufi zake, kisha wakavilinganisha vipande, mfano wa mtu mwenye nakala mbili za barua moja zilizochanika kila moja namna yake. Mwezi wa Machi 1965 walichapisha mfuatano mzima wa herufi 77. Mwaka 1968 Holley alishiriki Tuzo ya Nobel pamoja na Har Gobind Khorana na Marshall Nirenberg.

Hati ilikuwa wazi mezani, lakini mkalimani aliisomaje? Dhana iliyokuwa karibu ni kwamba protini huzitazama herufi tatu zilezile ambazo mchukuzi huzionyesha katika ribosomu. Mwaka 1974 dhana hiyo ilikutana na swali gumu. Kundi la Alexander Rich huko Marekani na la Aaron Klug huko Uingereza, yakipitisha miale ya eksirei katika fuwele za RNA nyingine ya hamira, ile ya fenilalanini, yalionyesha kwamba imepindika kama herufi L. Herufi tatu ziko katika ncha moja, na asidi amino hufungwa katika ncha ya pili. Na kati ya ncha hizo mna umbali wa kama nanomita 7 na nusu, ambao kwa kipimo cha molekuli ni safari ndefu. Protini ifanyayo kazi katika ncha hii yawezaje kujua kilichoandikwa katika ncha ile?

Jibu la alanini lilikuja mwaka 1988, nalo lilikuwa kinyume cha matarajio. Ya-Ming Hou na Paul Schimmel, wakitumia bakteria, walizibadili herufi za RNA na kutazama ni badiliko lipi liipotezealo utambulisho wake. Iligunduliwa kwamba protini ya alanini haizihitaji zile herufi tatu. Alama kubwa iitafutayo ni jozi moja tu, karibu na ncha ya kubebea mzigo: G iliyo katika nafasi ya 3 ikikabiliana na U iliyo katika nafasi ya 70. Kwa desturi G huoana na C. Ndoa hii ya G na U ni ngeni, na ugeni wake ndio ulioifanya kuwa alama. Jozi hiyo ilipotiwa katika RNA za uchukuzi wa asidi amino nyingine, RNA hizo nazo zikapokea alanini.

Sasa msomaji na airudie karatasi ya Holley ya mwaka 1965. G ipo, ya tatu tangu mwanzo; na U ipo, ikiielekea. Kwa miaka 23 jozi hiyo ilikuwa imechapishwa mbele ya macho ya kila mtaalamu. Hakuna aliyeificha, wala Holley hakufanya uvivu. Kilichokosekana hakikuwa herufi, bali njia ya kumwuliza mkalimani mwenyewe ni wapi aangaliapo.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba sheria moja ilipatikana ya kuzitosha protini zote. Mwaka 1991 kundi la Dino Moras huko Strasbourg, Ufaransa, lilichapisha umbo la protini ya hamira ikiwa imeikumbatia RNA yake ya asidi aspatiki. Hapa protini ilizishika ncha zote mbili, na herufi tatu zilikuwa miongoni mwa alama zake. Tena kitanzi chenye herufi hizo kilikuwa kimejipinda ili kipatane na mshikaji wake. Kumbe utambuzi si kazi ya kufuli na ufunguo wa chuma. Mara nyingine kitambuliwacho hujigeuza mkononi mwa mtambuzi.

Siku hizi mitambo husoma mifuatano mingi kwa siku moja, na kazi iliyomgharimu Holley miaka yaonekana kuwa ndogo. Lakini mtambo hutoa herufi tu. Kila RNA mpya isomwapo, kazi ya Hou na Schimmel hubaki palepale: kubadili herufi, kuirudishia protini, na kungoja kuona kama itaikubali.