Johannesburg mara mbili: ubingwa wa dunia wa snuka ya ridhaa, 1976 na 1994

Babu yangu alifanya kazi katika klabu ya Wazungu mjini Dar es Salaam miaka ya hamsini. Kazi yake ilikuwa meza ya snuka. Kila jioni, kabla wakubwa hawajafika, alipiga brashi kile kitambaa cha kijani kufuata mlalo wa manyoya yake, kisha akakipiga pasi. Thamani ya mipira aliijua kwa moyo: mwekundu 1, njano 2, kijani 3, kahawia 4, buluu 5, waridi 6, mweusi 7. Fimbo yenyewe hakuishika ila kwa kuifuta.

Habari hiyo niliikumbuka hapa Annandale, ambako mabango ya Kikorea yamejaa kandokando ya Little River Turnpike na ambako rafiki yangu alinifundisha biliadi ya kwao, inayochezwa kwenye meza isiyo na mashimo. Nilimpigia babu simu kumweleza. Akacheka sana. "Sasa mipira inakwenda wapi, mjukuu wangu?" Kutoka hapo nikaanza kutafuta historia ya mchezo aliouhudumia.

Snuka ilizaliwa India, si Uingereza. Inasemekana ilianzia Jabalpur mwaka 1875, katika mesi ya maofisa wa jeshi la Waingereza, na anayetajwa kuwa mwanzilishi ni ofisa kijana aliyeitwa Neville Chamberlain (si yule waziri mkuu). Ilisambaa kwa njia ya kambi na klabu, ikafika na huku kwetu Afrika Mashariki, na mlangoni mwa klabu hizo rangi ya ngozi ilitazamwa kwanza. Basi si ajabu kwamba hata ubingwa wa dunia wa wachezaji wa ridhaa, yaani wasiolipwa, ulianzia India, mjini Calcutta, mwaka 1963. Aliyeshinda alikuwa Gary Owen, aliyekuwa mfanyakazi wa zimamoto. Wakati ule ubingwa wa wachezaji wa kulipwa ulikuwa umelala tangu 1957, uliamshwa 1964. Kwa hiyo kwa muda mfupi watu wa ridhaa ndio walioushika mchezo usife.

Mwaka 1976 mashindano hayo yalipelekwa Johannesburg.

Katika orodha ya mabingwa mwaka huo ni mstari mmoja tu: Doug Mountjoy wa Wales alimfunga Paul Mifsud wa Malta 11 kwa 1. Mountjoy alikuwa amewahi kuchimba makaa ya mawe. Ushindi huo ulimfungulia mlango wa kucheza kwa malipo, na mapema 1977 akatwaa taji la Masters mjini London katika jaribio lake la kwanza. Hadithi nzuri ya mtu wa kazi ngumu, na simlaumu. Lakini ukiusoma mstari ule peke yake, umesoma nusu ya mwaka.

Mwaka huohuo, tarehe 16 Juni, wanafunzi wa Soweto, mwendo mfupi kutoka katikati ya Johannesburg, waliandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikaans, na polisi wa makaburu wakawafyatulia risasi. Sisi tunaokutana kila wiki kujifunza lugha ya wazazi wetu kwa hiari, tena na chai mezani, tuisome tarehe hiyo polepole.

Mwezi uliofuata, nchi zaidi ya 20, nyingi zikiwa za Afrika, zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini na New Zealand haikuzuiwa kushiriki. Kenya na Uganda zilisusia. Tanzania nayo ilisusia, na hapo ndipo gharama ilipoonekana. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974 kwa kuongoza tangu mlio wa bastola, hakukimbia. Medali ya dhahabu ilikwenda kwa John Walker, yuleyule ambaye Bayi alimwacha wa pili Christchurch. Walker alikuwa wa New Zealand. Bayi alisubiri hadi Moscow, 1980, akapata fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji.

Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja kijana wa Tanzania aliikosa mbio ya maisha yake kwa sababu ya raga iliyochezwa Afrika Kusini, na snuka ikapeleka ubingwa wa dunia Johannesburg kwenyewe. Raga na kriketi zimeandikiwa vitabu vingi kuhusu kususiwa kwa makaburu. Snuka huachwa nje, nadhani kwa kuwa huchezwa ndani, kimya kimya, na watu waliovaa vizibao.

Mashindano yalirudi Johannesburg mwaka 1994, mwaka ambao Waafrika Kusini wote walipiga kura na Mandela akawa rais. Bingwa alikuwa Mohammed Yousuf wa Pakistan, nchi ambayo haikuwa na uhusiano wa kibalozi na serikali ya makaburu. Alimfunga Jóhannes Jóhannesson wa Iceland 11 kwa 9. Miaka mitatu baadaye, 1997, ubingwa ulifanyika Bulawayo, Zimbabwe, ukachukuliwa na Marco Fu wa Hong Kong, kijana wa miaka 19, karibu umri wetu.

Nilipomaliza kuandika nilimsomea babu makala yote kwa simu. Habari za Bayi alizijua kuliko mimi, akanisahihisha matamshi mara mbili. Kuhusu Yousuf aliuliza jambo moja tu: kitambaa bado wanakipiga pasi? Nikamwambia ndiyo, babu, bado.