Hema la Watu Sita Hulaza Wangapi?

Kwenye boksi la hema, taarifa inayochapishwa kwa herufi kubwa kuliko zote ni idadi ya watu: wawili, wanne, sita, wanane. Kiswahili kimeipokea idadi hiyo kama ilivyo, ndiyo maana muuzaji wa Nyeri au Nanyuki humwambia mteja kuwa hili ni hema la watu wanne na lile ni la watu sita, naye mteja huhesabu watoto, akajihesabu yeye na mwenzake, akalipa. Hoja ya makala haya ni kwamba tafsiri hiyo imekosea kipimo. Kinachohesabiwa kiwandani ni sehemu za kulala zinazoweza kupangwa sambamba juu ya sakafu, kila moja ikiwa na upana usiopungua ule wa godoro jembamba la kambi, basi. Mizigo, viatu, nafasi ya kugeuka na mtoto anayejitupatupa usingizini havimo katika hesabu hiyo. Sehemu ya namna hiyo Kiswahili kina jina lake, malalo, na hema likitajwa kwa malalo badala ya watu, mnunuzi ataanza kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kutoa pesa.

Tuzitazame namba zenyewe. Godoro la kawaida la wapanda milima, lile linalokunjwa likafungwa kwenye mkoba wa mgongoni, lina upana wa inchi 20 na urefu wa inchi 72, yaani sentimita 51 kwa 183. Sasa chukua hema linalojulikana duniani kote, Coleman Sundome la watu sita. Sakafu yake ni futi 10 kwa 10. Futi 10 ni inchi 120, na inchi 120 ukizigawa kwa sita unapata 20 kamili. Watu sita wataenea, ila kila mmoja atapewa upana wa godoro lake bila inchi ya ziada, na bega la huyu litagusa bega la yule usiku kucha. Ndugu yake mdogo, Sundome la watu wanne, ana sakafu ya futi 9 kwa 7. Wanne wakilala kwa kufuata upande wa futi 7, kila mmoja anapata inchi 27, karibu sentimita 69. Kwa hiyo ndani ya jina moja la biashara, "mtu" wa hema dogo ana sentimita 69 na "mtu" wa hema kubwa ana 51. Kipimo kinachobadilika hivyo kutoka boksi moja hadi jingine hakimsaidii mnunuzi hata kidogo, na neno "watu" ndilo linaloficha mabadiliko hayo, kwa kuwa hakuna anayefikiria kuuliza mtu ana upana gani.

Isitoshe, Kenya ina mazoea mengine ya kuhesabu watu ndani ya hema, na mazoea hayo huzidisha mkanganyiko. Tenti ya kukodi kwa harusi au mazishi huitwa ya watu hamsini au ya watu mia, na kila mtu anajua maana yake: ni viti hamsini, ni viti mia. Matatu ya abiria 14 ni ya viti 14. Neno lile lile "watu" linahesabu makalio kwenye tenti ya sherehe na migongo kwenye hema la kambi, na kati ya kukaa na kulala kuna tofauti kubwa ya nafasi. Ajabu ni kwamba mahali penye umuhimu Kiswahili hakifanyi kosa hili. Magazeti huandika hospitali ya vitanda 200, hayaandiki hospitali ya wagonjwa 200, na msomaji anaelewa mara moja kwamba wagonjwa wanaweza kuwa wengi kuliko vitanda, wakalala wawili wawili. Namba ya vitanda inasema uwezo wa jengo. Namba ya wagonjwa inasema hali halisi. Hema linahitaji utengano huo huo, na malalo yanaweza kufanya kazi ambayo vitanda hufanya hospitalini.

Kwa nini malalo na si malazi? Yote mawili yana shina la kulala, na malazi ndilo linalosikika zaidi. Tatizo lake ni kwamba limekwisha kuchukuliwa na hoteli: chakula na malazi, gharama za malazi, huduma za malazi. Anayesoma "hema la malazi manne" atadhani kuna vyumba vinne au usiku nne. Malalo limeundwa kama makao kutoka kukaa na mapito kutoka kupita, kwa hiyo mzungumzaji hulielewa hata kama hajalikuta katika kamusi: ni mahali ambapo mwili unalala. Linakubali namba bila shida, malalo mawili, malalo sita, malalo manane, na linapokea kipimo kwa urahisi pale kinapohitajika: hema la malalo sita ya sentimita 51.

Naro Moru ni mahali pazuri pa kuijaribu istilahi hii kwa sababu ni mji ambamo mahema ya aina mbili hukutana. Mji uko kando ya barabara ya Nairobi kwenda Nanyuki, katika nyanda za Kieni kati ya Aberdare na Mlima Kenya, kwenye kimo cha karibu mita 2,000. Kutoka hapo njia ya Naro Moru huingia katika mbuga ya Mlima Kenya kupitia lango lililo kwenye mita 2,400 hivi, ikafika kambi ya Met Station kwenye mita 3,050, kisha ikapanda kwa miguu hadi kambi ya Mackinder's kwenye kimo cha mita 4,200 hivi. Hema la kwanza ni la wapanda mlima: hilo linalokwenda Mackinder's hubebwa na mpagazi. Kila gramu ina bei yake, na kubanana si hasara kamwe, kwa maana miili iliyokaribiana hupeana joto. Kwa wapanda mlima hao namba iliyo kwenye boksi ni ya kweli kabisa: hema la malalo mawili hulaza wawili, mizigo ikabaki nje chini ya baraza ya hema. Hema la pili ni la familia inayoshuka garini kwenye uwanja wa kambi kando ya mto, ikiwa na magodoro ya nyumbani kwenye buti, sufuria, mipira na mablanketi mazito. Familia hiyo inasoma namba ile ile iliyotungwa kwa ajili ya mpanda mlima, halafu inashangaa.

Hapa ndipo godoro la Kikenya linapoingia katika hesabu. Sisi huuza magodoro kwa futi: tatu kwa sita, nne kwa sita, tano kwa sita. La tatu kwa sita lina upana wa sentimita 91, karibu mara mbili ya godoro la mpanda mlima. Baba na mama wakilala kwenye la nne kwa sita, na watoto wawili kila mmoja kwenye la tatu kwa sita, jumla ni futi 10. Familia ya watu wanne imekwisha kulijaza hema "la watu sita" kutoka ukuta hadi ukuta. Kuelekea miguuni zitabaki futi nne za kuweka mabegi, jambo jema, lakini pembeni hakuna hata nafasi ya tochi.

Na ukuta wenyewe si wa kuegemewa. Kuta za hema la kuba huinamia ndani, kwa hiyo malalo mawili ya pembeni ni duni kuliko ya katikati ingawa upana ni ule ule sakafuni. Usiku wa Naro Moru ni baridi, hasa anga likiwa safi au katika mwezi wa Julai, na anayepanda kulala Met Station aongeze baridi nyingine, kwani joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Pumzi ya watu waliolala ina mvuke. Mvuke ukigusa kitambaa kilichopoa hugeuka matone. Blanketi linalogusa ukuta huamka limelowa hata kama mvua haikunyesha, na mwenye hema hulaumu kiwanda kwa kuvuja. Dawa ni kuacha matundu ya hewa wazi na kuuweka mwili mbali na ukuta kwa kiasi cha shibiri moja au mbili. Shibiri hizo haziko katika namba ya boksi.

Wapo watakaosema neno jipya halihitajiki, kwani kanuni ya "toa wawili" inatosha: familia ya wanne inunue hema la sita. Kanuni hiyo ni nzuri pale inapofaa, ila haielezi kinachotolewa wala sababu yake. Ukiitumia kwa hema la watu wawili unabaki na hema lisilolaza mtu. Ukiitumia kwa familia ya wanane wenye magodoro ya nyumbani, malalo mawili ya ziada hayatatosha. Anayejua kwamba namba ni ya malalo yenye upana fulani atapima magodoro yake kwa futi, ajumlishe, alinganishe na upana wa sakafu; hahitaji kanuni.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wanaopendekeza mita za mraba. Eneo ni kipimo safi, hakina ubishi wa tafsiri, na kila duka linaweza kulitaja. Lakini eneo halisemi umbo. Sakafu ya mita 3 kwa 3 na ya mita 2 kwa 4.5 zote zina mita 9 za mraba. Ya kwanza ina malalo matano ya sentimita 51, kwani la sita linakosa sentimita chache. Ya pili ina malalo manane, ingawa mtu mrefu atagusa kuta kwa kichwa na kwa nyayo. Eneo moja, usiku mbili tofauti. Mita za mraba zitajwe, tena zitajwe pamoja na urefu na upana, lakini zisichukue nafasi ya malalo.

Mwingine ataonya kwamba hema kubwa ni baridi na hukamatwa na upepo. Kuhusu upepo ana haki: nyanda za Kieni ziko wazi, na hema refu lisilofungwa kamba zote ni usumbufu, kwa hiyo chagua mahali penye kinga ya miti michanga au ukingo, mbali na matawi makavu. Kuhusu baridi hoja yake ni dhaifu kwa msafiri wa gari, ambaye joto lake linatoka kwenye godoro nene linalomtenga na ardhi na kwenye mablanketi ambayo hakuna anayeyabeba mgongoni. Mpanda mlima asinunue hema kubwa. Huyu wa gari hana sababu ya kulikwepa.

Kimo nacho kinastahili swali lake dukani, kwa sababu malalo hayakitaji. Sundome la wanne lina kimo cha futi 4 na inchi 11 katikati, la sita lina futi 6. Mtu mzima huvaa suruali akiwa amesimama katika la pili tu, na siku ya mvua za Machi hadi Mei familia hukaa ndani saa nyingi.

Wenye maduka na watunzi wa matangazo waandike malalo, upana wake kwa sentimita, na kimo. Mpaka watakapofanya hivyo, familia ya watu wanne inayokwenda Naro Moru kwa gari inunue hema la malalo sita ikiwa italalia magodoro ya kambi, na la malalo manane ikiwa itabeba ya nyumbani.