Picha ya Seyyida Salme: Cheo cha Ukoo na Jina la Ubatizo

Katika Ulaya ya karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, kabaila alimwita mchoraji ili achorwe pamoja na mkewe na wanawe, pengine kando ya nguzo za mtindo wa Kiyunani. Picha hiyo ilikuwa hati ya nasaba: aingiaye sebuleni alijua mara moja nani mwenye nyumba na nani mrithi.

Unguja haikuwa hivyo. Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, alichorwa na Luteni Henry Blosse Lynch, na picha hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya Salem, Marekani, mji ambao wafanyabiashara wake walifika sana visiwani. Lakini mle yumo peke yake na kilemba chake. Watoto aliowaacha walizaliwa na masuria, na kwa sheria ya Kiislamu walikuwa waungwana sawasawa na baba yao. Mama zao, walionunuliwa kwa fedha, hawamo.

Kwa hiyo picha ya bintiye Salme, aliyezaliwa mwaka 1844, yastahili kutazamwa kwa makini. Alitoroka Unguja mwaka 1866, na tarehe 30 Mei 1867, huko Aden, alibatizwa kwa jina la Emily na siku iyo hiyo akafunga ndoa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani. Baadaye, katika studio mjini Hamburg, alipigwa picha akiwa amevaa mavazi na vito vya binti sultani, uso wazi bila barakoa. Kwao asingalionekana hivyo na mwanamume mgeni. Hamburg hakuwa na cheo tena. Picha ilidai kile ambacho nyumba zote mbili zilimnyima.

Sisi wahudumu wa Neno twapenda kusema kwamba ubatizo huvua utu wa kale. Yafaa tuseme kwa hadhari. Mwaka 1886 Emily, Mkristo wa miaka kumi na tisa, alichapisha kumbukumbu zake akijiita katika anwani binti mfalme wa Kiarabu, na ndani yake akautetea utumwa wa nyumbani kwao. Jina lilibadilika; cheo kilibaki.

Wengi wetu tufikapo Mji Mkongwe huenda Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa hadi mwaka 1873, kisha hurudi bandarini. Ni vema kuendelea hadi jumba la Beit al-Sahel, lililofanywa makumbusho mwaka 1994, ambamo Salme alitengewa chumba.

Mama yake, Jilfidan, Mcherkesi aliyeuzwa angali mtoto, alifariki kwa kipindupindu mwaka 1859. Sura yake imo katika maneno ya kitabu cha bintiye: mwanamke mrefu, mwenye nywele nyeusi zilizofika magotini.