Kaboneti Iliyoyeyuka: Nafasi ya Ol Doinyo Lengai katika Historia ya Uainishaji wa Miamba

Elimu ya awali ya miamba hujengwa juu ya makundi matatu: miamba moto, itokanayo na kuganda kwa magma, miamba mashapo, itokanayo na mrundikano wa chembechembe au mabaki ya viumbe, na miamba geu, iliyobadilishwa na joto na mgandamizo. Mzunguko wa miamba huyaunganisha makundi hayo. Katika mpangilio huo, madini ya kaboneti kama kalsiti yalizoeleka kuhusishwa na mawe chokaa na marumaru, si na volkeno. Insha hii inajadili namna mlima mmoja wa Tanganyika ulivyotikisa mazoea hayo.

Mwaka 1921, W. C. Brøgger aliielezea miamba ya kaboneti ya Fen, nchini Norwei, akaiita kabonataiti na kudai kuwa ilitokana na magma. Dai hilo lilipingwa. Kwa mtazamo uliohusishwa na Reginald Daly, magma ya kawaida ilimeza mawe chokaa iliyokutana nayo njiani, na kaboneti iliyoonekana ilikuwa zao la chokaa hiyo. Upinzani huo haukukosa msingi. Kalsiti ikichomwa katika kanieneo ya kawaida hutoa kabonidayoksaidi na kubaki chokaa kabla ya kuyeyuka, jambo ambalo wachoma chokaa wa pwani hulitegemea katika tanuri zao.

Jibu lilitoka pande mbili. Mwaka 1960, P. J. Wyllie na O. F. Tuttle walionyesha maabarani kuwa kalsiti, ikiwa na maji na ikiwa chini ya mgandamizo, huyeyuka katika nyuzijoto za chini kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka huohuo, J. B. Dawson alishuhudia lava katika kasoko ya Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron. Uchambuzi wake, uliochapishwa mwaka 1962, ulibainisha kuwa lava hiyo ilikuwa hasa kaboneti ya sodiamu, yenye silika kidogo mno. Madini yake makuu mawili baadaye yaliitwa nyerereaiti, kwa heshima ya Julius Nyerere, na gregoriaiti, kwa heshima ya J. W. Gregory, mtafiti wa Bonde la Ufa.

Hata hivyo, ushahidi huo una mipaka. Kabonataiti nyingi za kale, ikiwemo ya Panda Hill karibu na Mbeya yenye niobi, ni za kalsiamu, ilhali lava ya Lengai ni ya sodiamu. Kwa hiyo, Lengai ilithibitisha kwamba magma ya kaboneti inawezekana. Haikuthibitisha kwamba kila kabonataiti ilizaliwa kwa njia ileile. Aidha, lava hiyo hutoka ikiwa nyeusi, hufyonza unyevu na kugeuka nyeupe, na sodiamu yake huyeyushwa na mvua. Hivyo, kukosekana kwa sodiamu katika mwamba wa kale si ushahidi tosha kwamba haikuwahi kuwamo.

Historia hii inabainisha kuwa mwamba hauwekwi katika kundi kwa kuangalia madini yake pekee, bali pia kwa kuchunguza njia uliyopitia. Kalsiti ileile yaweza kuwa ganda la kiumbe wa baharini, marumaru, au tone la magma lililoganda. Mwanafunzi anayekariri makundi matatu bila kuuliza swali la chanzo huwa amejifunza majina ya miamba, lakini hajaujua mzunguko wake.