Ufa Haufuati Kalenda

Historia ya wilaya ya Chunya ni historia ya mizigo inayopanda na kushuka. Dhahabu ya eneo lake la Lupa ilianza kujulikana mwanzoni mwa miaka ya 1920. Muongo uliofuata wachimbaji walimiminika, Mbeya ikanenepa kwa biashara yao, na mitambo ikavushwa milimani kwenda migodini. Mgodi wa Saza ulipofungwa katika miaka ya 1950, mashine nzito zilitoweka barabarani, tumbaku ikabaki. Leo uchimbaji umeshamiri tena, lami imefika kutoka Mbeya, na tangu 2019 Chunya ina soko lake la madini. Anayepanga ukaguzi wa madaraja ya chuma katika ukanda huu aanze na historia hiyo, kwa sababu ufa wa chuma hauhesabu miaka. Unahesabu magari yaliyopita na uzito wake.

Somo hilo lilitoka kwenye reli. Mwaka 1842 ekseli ya kichwa cha treni ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, watu zaidi ya 50 wakafa. Miaka iliyofuata Mjerumani August Wöhler alionyesha kwa majaribio kwamba chuma kikibebeshwa mara nyingi mzigo ulio chini ya uwezo wake, hatimaye kinaweza kupasuka. Wahandisi huuita uchovu wa chuma. Katika viungo vilivyochomelewa, madhara ya kila gari hukua takriban kwa kipeo cha tatu cha mkazo: mkazo ukizidi kwa asilimia 20, kila safari hula uhai wa kiungo karibu mara 1.7, ukiwa maradufu, mara nane. Kwa hiyo mizani ya malori ya Mpemba, karibu na Tunduma, hailindi lami peke yake. Takwimu zake ni kumbukumbu ya uchovu wa kila daraja la chuma lililo mbele ya malori yanayopimwa hapo.

TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia inayopita Mbeya, inaonyesha jambo hilo kwa upana zaidi. Reli hiyo ya kilomita 1,860, iliyojengwa kuanzia 1970 na kukabidhiwa 1976, ina madaraja yapatayo 320. Mwaka 1977/78 ilibeba tani zaidi ya milioni 1.2, mwaka 2014/15 haikufikisha hata tani 100,000. Ratiba isiyobadilika haiwezi kufaa nyakati zote mbili. Hata hivyo, asiseme mtu kwamba mzigo ukipungua ukaguzi nao upumzike. Uchovu hutulia, lakini kutu haitulii, na mafuriko huchimba misingi hata pasipo treni. Kinachobadilika ni kile mkaguzi anachokitafuta kwanza.

Wapo watakaopinga kwa kutaja Silver Bridge ya Marekani. Ilianguka tarehe 15 Desemba 1967 na kuua watu 46, chanzo kikiwa ufa wa kina cha milimita 2.5 hivi ndani ya kiungo kimoja, mahali ambapo jicho halikufika bila kukifungua. Baada ya hapo Marekani iliweka kanuni za ukaguzi wa kila miaka miwili. Je, hilo halithibitishi kwamba kalenda ndiyo dawa? Kalenda ni ya lazima, lakini haitoshi. Mwaka 2021, daraja la Hernando de Soto huko Memphis lilifungwa baada ya mhimili wake kukutwa umepasuka. Ufa huo ulionekana kwenye picha za 2016, ilhali ukaguzi ulikuwa ukifanyika. Ratiba ilimfikisha mkaguzi darajani, haikumfikisha kwenye ufa. Mpango wa kweli hutaja mahali: kiungo ambacho kikikatika hakuna kingine cha kupokea mzigo, ncha za weldi, matundu ya pini na bolti. Hukadiria muda wa ufa kukua kutoka ukubwa unaoonekana hadi ukubwa wa hatari, kisha hukagua angalau mara mbili ndani ya muda huo, ili unaopita leo ukamatwe kesho.

Pingamizi la pili ni umaskini: wilaya zitapata wapi vyombo? Tena madaraja mengi ni ya zege. Ni kweli, ila mvua zinapobomoa daraja, mara nyingi linalowekwa haraka badala yake ni la vipande vya chuma, mtindo aliouanzisha Donald Bailey wakati wa Vita Kuu ya Pili. La dharura linaweza kukaa miaka, likipitisha malori yale yale ya mgodi. Brashi ya waya, tochi, na alama yenye tarehe kwenye ncha ya ufa havihitaji bajeti kubwa. Vinahitaji daftari litakalosomwa na mkaguzi ajaye. Mgodi mpya unapopewa leseni, au mkataba wa kusafirisha shaba unaposainiwa, ratiba ya madaraja ya njia hiyo ipangwe upya wakati huo huo, takwimu za mizani zikiwa mezani. Kungoja mwaka wa ukaguzi ufike ni kuliachia lori la kwanza kazi ya kulipima daraja.